Ukoko wa Mastura na Kibanda cha Marhoon

Tangu astaafu wizarani, Marhoon hakuwa na wa kumwamrisha ila ndege. Aliwasimamishia kibanda cha chakula mbele ya nyumba yao, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, juu ya nguzo ya chuma aliyokwenda kuichomesha kwa mafundi wa Ghala, akakijaza mbegu za alizeti. Wakaja shomoro wawili, wakaonja, wakaenda zao.

Ndege walikuwa nyuma, jikoni kwa mkewe. Mastura alilelewa kwamba punje ya wali haitupwi jaani, basi ukoko uliobaki akiuroweka na kuumwaga kando ya tangi la maji. Kila baridi ikiingia, hapo akija ndege mgeni mmoja, mweusi kwa mweupe, mkia hautulii. Mwaka huu Marhoon alimpiga picha kutoka dirishani, akaituma kwa wenziwe wapenda ndege: "Kwenye kibanda changu." Mastura aliisoma, akafyonza. Mtu mzima na ndevu zake, aongope kwa ajili ya ndege?

Wenziwe wakasema watakuja kumwona ndege huyo Ijumaa asubuhi.

"Mama Rawan, leo usimwage wali," alimwamuru mkewe siku ilipofika. "Unaleta kunguru. Nna wageni wa maana."

"Haya, bwana. Simwagi."

Wageni walikaa saa nzima, kahawa na halua mbele yao, darubini shingoni. Kibandani hakikutua kitu. Marhoon alilaumu upepo, kisha akamsingizia paka wa jirani. Njia ya mwongo ni fupi. Bakhita, mkubwa wa kundi, aliifungua ile picha kwenye simu, akaikuza pembeni, palipoonekana sufuria nyeusi.

"Bwana Marhoon, na sufuria hii iko wapi?"

Mastura aliyasikia hayo nyuma ya mlango, na aliona raha, wala hakujionea haya. Mara mumewe huyo jikoni, kofia imemwendea upande.

"Ukoko upo?"

"Upo. Kamwage mwenyewe, wakuone."

Akatoka na sufuria nyeusi, kanzu nyeupe, wageni nyuma yake. Akamwaga. Hajanyoosha mgongo, ndege keshatua.

"Anakuja hapa tangu lini?" Bakhita aliuliza, kalamu mkononi.

Marhoon hakuwa akijua. Akamtazama mkewe, aliyesimama mlango wa jikoni.

"Mwaka wa kumi na tisa huu," alisema Mastura, akampokea sufuria akaenda kuiosha.

Bakhita akalikata jina la Marhoon kwenye karatasi yake ya kuorodheshea ndege na wenyeji wao. "Sasa nimwandike nani?"

Ikambidi Marhoon mwenyewe amtajie jina la mkewe.