Elfu Moja na Nane, na Kimoja Juu

Juzi mvua ilichimba ua wa shule yetu ya zamani hapa Matema, nami nikaviona, rafiki yangu: vidonge vyekundu vya udongo, vimechomoza matopeni kama macho ya vyura. Nikacheka peke yangu. Vidonge hivyo nusura vinifukuzishe shule nikiwa mdogo zaidi.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa Kikisi wa ufuko huu wa ziwa. Vibao vya kuandikia vilikuwa haba, basi mwalimu akamwomba vidonge elfu moja na nane vya kufundishia hesabu. Mimi nilikanyaga udongo, nikapuliza moto, nikala ndizi za kuchoma pamoja na majivu yake. Kwenye ndizi ndiko nilikofanya kazi vizuri.

Mwalimu aliipenda namba ile kuliko chakula. "Haina uchoyo hii," alisema. "Ipange kwa saba, nane, tisa, kumi na mbili, kumi na sita. Inagawanyika tu, hakibaki kitu."

Tukapiga magoti uani, tukapanga safu za saba. Kikabaki kimoja. Za nane, kimoja. Za tisa, kimoja tena, kimetulia mavumbini kama mgeni asiyetaka kuondoka.

"Ni huyu!" wenzangu wakapiga kelele. "Nani mwingine?"

Kweli, nani mwingine? Juma lile nilikuwa nimepiga ngoma ya kutoka darasani kabla ya saa, shule nzima ikakimbilia ziwani. Mwalimu alikuwa ameapa: utundu mmoja zaidi, nafukuzwa shule, narudi kukanyaga udongo moja kwa moja. Na safari hii, Mungu ananiona, sikufanya kitu. Nikalia. Mchekeshaji akilia, ndipo watu wanapocheka zaidi.

Mwalimu hakucheka. Alianza upya, kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, akaendelea mpaka jua likatupiga visogoni. Alipofika thelathini na moja akasimama, magoti meupe kwa vumbi, maana thelathini na mbili mara yenyewe inapita idadi ya vidonge.

"Basi. Elfu moja na tisa haigawanyiki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Kimezidi kimoja. Twende kwa aliyevihesabu."

Bibi alitushangaa. "Mwanangu mwalimu, nikupe kitu kamilikamili, bila nyongeza? Mimi mchawi?"

Mwalimu akainama. "Ndaga, mama." Asante, kwa lugha ya kwao. Kisha akanigeukia. "Nawe, rudi ukakae mahali pako."

Bibi tulimzika kabla ya vita vya Wazungu kufika hapa. Vilipofika, mwalimu walimchukua kubeba mizigo ya askari, akapanda milima ile pale na wenzake, na hatujapata habari zake. Mwalimu wa shule mpya ninayosoma sasa ni mpole. Utundu wangu wote anaupitia kando, wala hataki kujua umetoka kwa nani.

Yule wa kwanza laiti angerudi leo, hata kwa kunifukuza tu. Ningeondoka nikicheka.