Begi la mabaka kutoka mitumbani

"Mdogo wangu, wewe ni mwanajeshi?"

Baba mmoja kaniuliza hivyo leo stendi ya Makambako, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikageuka kulitazama begi mgongoni.

Kesho alfajiri naenda kuwinda nguruwe pori na baba mdogo, yeye ana kibali. Mimi nabeba mizigo siku tatu, ndiyo maana niliingia mitumbani kutafuta begi imara.

Nikalipata. Sponji mgongoni, mkanda wa kiunoni, mishono haina shida. Muuzaji alilijaza viazi nikazunguka nalo soko zima. Bega halikuuma.

Rangi niliiona pia. Nikasema safi, nguruwe hataniona.

Jamani, ni mabaka kama kombati za jeshi. Raia haruhusiwi, na hilo nalijua tangu utoto.

Nikalitumbukiza kwenye mfuko wa salfeti, nikarudi mbio kwa muuzaji. Akanitazama usoni: "Kaka, mimi nauza viatu."

Viazi vyake viko pale pale miguuni kwake.

Sasa nimejifungia chumbani. Baba mdogo kapiga simu kuuliza kama nimepata begi, nikajibu ndiyo.

Niambieni haraka, rangi ya viatu inashika kwenye begi la turubai?