Picha ya Mkono Wenye Pete

Mwaka wa 1995 redio ilitangaza kwamba eksirei ilikuwa imetimiza miaka mia moja tangu igunduliwe. Nilikuwa nyumbani karibu na Roret, na dada yangu alikuwa amekuja kunisaidia kuondoa vitu vya marehemu mke wangu. Nguo tulikuwa tumeshagawa. Ilibaki eksirei ya mkono wake, aliyopigwa alipoteleza kwenye shamba la majani chai akauvunja.

"Hii tuchome," dada alisema. "Ama wageni wakija utawaonyesha mifupa wakinywa chai?"

Mimi pia nilitaka ichomwe, kwa sababu niliiogopa.

Mtangazaji akasema kwamba mojawapo ya picha hizo za kwanza ilikuwa ya mkono wa mke wa mgunduzi, na pete yake ilionekana. Nikainua yetu dirishani. Pete ilikuwapo. Siku ile mkono ulivimba, daktari akashindwa kuitoa. Tulimzika nayo.

"Iache," nikamwambia dada.

"Utakuwa ukiiangalia?"

"Sijui."

Nikairudisha kwenye bahasha. Picha yake nyingine ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, na hicho tulikuwa tumemrudishia chifu alipofariki.