Mkebe wa tembe za kubaki ulivyotaka kunimaliza

Wakuu, hamjambo. Mimi huwa nasoma tu hapa na kutoroka, maana nina aibu. Leo nimejikaza, na sitawadanganya hata neno.

Likizo nilikuwa Mtito Andei kwa aunty, ako na hoteli. Nyuma kuna madrum ya maji bila vifuniko. Mbu wa hapo hawangoji giza, wanakuuma mchana ukiosha sufuria.

Niliporudi kwetu Mbooni, homa ikanishika. Kichwa, mifupa, na macho yaliuma kwa ndani, hata kuyageuza ni shida.

Hapo madaktari wa bure wakajitokeza.

Uncle: "Form Three huyo. Ni mapenzi."

Mama Ndinda, jirani: "Malaria hiyo. Leteni mkebe."

Kila boma kwetu liko na mkebe. Ukipata nafuu unaachia dose katikati, tembe zinazobaki zinawekewa mgonjwa mwingine. Eti kuzitupa ni dhambi.

Mama alichagua kwa rangi, wakuu. Kwa rangi! Nikapewa mbili za njano na moja ya maumivu.

Homa haikushuka, tukaenda kwa chemist. Akapima malaria, hakuna. Mama Ndinda akacheka: "Hiyo ni ile ya kujificha. Muongezeni."

Wasomi wangu hao.

Nikatoka vipele mwili mzima. Kupiga mswaki, damu kwa ufizi. Mama akaita boda.

Hospitali, daktari akauliza kitu hakuna mtu nyumbani aliuliza: "Ulikuwa wapi?"

Nikasema Mtito. Akapima damu. Dengue, homa inayoletwa na hao mbu wa mchana. Na ile tembe ya maumivu, ambayo haikuwa panadol, ndiyo ilikuwa inachochea kuvuja damu. Nikalazwa. Dawa yake hasa hakuna, ni maji, panadol na kuchungwa.

Sasa sikieni. Juzi Susu, nyanya yangu, ameamka na homa. Mama Ndinda huyo, mbio: "Mkebe uko wapi?"

Mimi, ambaye hata kuomba chumvi mezani naona haya, nikasema kwa nguvu: "Uko ndani ya shimo la choo."

"Umetupa dawa ya watu?"

"Yote. Mpelekeni Susu akapimwe."

Walinitukana hadi barabarani, lakini walienda. Ni nimonia. Na kwa ule mkebe hakukuwa na rangi ya nimonia.

Lesson: homa si jina la ugonjwa. Macho yakiuma kwa ndani, vipele, damu ufizini, enda hospitali na useme ulikotoka.

Haya, wenye mikebe, jiteteeni hapo chini. Leo sitoroki, nitajibu.