Spika Nne kwenye Boti ya Matema

Mwanangu, nilipofikisha miaka thelathini niliamini hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Na nilikuwa na sababu. Shule niliishia darasa la nne. Nikabeba magunia ya mpunga Kyela mjini mpaka bega likaota sugu, nikanunua kakao Makwale kwa mtaji wangu mwenyewe, na humo ndimo ilimotoka boti yangu ya mbao yenye injini. Hakuna aliyenisaidia hata kamba ya kuifungia. Nalisema hilo mpaka leo.

Boti yangu ilipakia akina mama wa Ikombe wanaofinyanga vyungu, kila Jumamosi, kuwapeleka sokoni Matema. Nikataka iwe na muziki wa kusikika mpaka ufukweni. Fundi wa dukani Kyela akaniuzia amplifaya moja, mimi nikachukua na spika nne. Akaanza kunieleza kwamba kila spika ina omu zake, kipimo cha ukinzani wa umeme, zikipungua mzigo wa amplifaya unazidi, na kwamba zote nne nikiziunga pamoja amplifaya itaelemewa. Nikamwambia anitajie bei tu, hizo omu awasomeshe watoto wa shule. Nikafunga mwenyewe, spika zote nne kwenye tundu moja.

Jumamosi hiyo tuliondoka mapema. Mama Subilaga, mfinyanzi wa siku nyingi, alikaa karibu na betri na vyungu vyake kumi na viwili, kavifungia nyasi kavu visigongane. Muziki ukalia. Lakini yule mama, mwanangu, kazi yake ni kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza kama kizima. Akasikiliza kidogo, akaniambia muziki wangu una ufa. Nikamjibu auze vyungu, muziki aniachie mwenye boti. Boti nzima ikacheka, na mimi nikaongeza sauti.

Fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Basi nikachukua kipande cha waya nikakifunga mahali pa fyuzi, muziki ukarudi, nikajiona fundi kuliko mafundi.

Mama Subilaga alikuwa ananitazama. Akauliza, "Baba, hicho kidude ulichotupa kilikuwa kinazuia nini?"

"Kilikuwa kinazuia muziki, mama."

Tulikuwa hatujafika mbali harufu ya plastiki ikatanda. Waya ukawa mwekundu, nyasi za vyungu zikashika moto, na dumu la petroli liko hatua mbili kutoka hapo. Watu kumi na mmoja, mwanangu, na maji ya pale hayana mwisho. Mimi niliyekuwa sishangai nilisimama kama nguzo. Mama yule alijizungushia kitenge mkononi, akang'oa waya kwenye betri, kisha akavisukuma vyungu vyake ziwani vikiwa na nyasi zinazowaka. Vyote kumi na viwili. Kiganja chake kilitoka malengelenge.

Tulipofika Matema watu walishuka na mizigo yao wakaenda zao sokoni. Mama Subilaga ndiye aliyenisogelea. Akasema, "Mwanangu, ulilipia kifaa, maneno ya fundi ukayaacha dukani. Jumatatu nenda kayachukue."

Nikaenda. Yule fundi hakunicheka. Akageuza amplifaya iliyoungua, akanionyesha nyuma yake pameandikwa omu nne, ndio mwisho wake wa kushuka. Spika zangu zilikuwa za omu nne kila moja, na zote nne zikiungwa pamoja zinabaki omu moja. Ni sawa na kumtwisha mpagazi mmoja magunia manne, na hilo nililielewa kwa bega langu. Kumbe ningefuatanisha mbili mbili, halafu nikaziunga pea hizo mbili kwenye tundu moja, zingerudi omu nne zile zile.

Jumamosi iliyofuata watu walisimama ufukweni Ikombe wananitazama, hakuna wa kupanda. Kama wasingepanda, biashara yangu ingekufa siku ile. Mama Subilaga akaja na mkono umefungwa kitambaa, akapanda wa kwanza, akakaa pale pale karibu na betri. Wengine wakamfuata. Ndaga, mama, ndiyo asante ya kwetu. Mpaka leo nasema ndaga.

Basi nakuusia. Kabla ya bei, soma nyuma ya amplifaya. Omu za spika zako zote zikishaungwa zisishuke chini ya hapo. Wati, yaani nguvu yake, fuata zile za kudumu zilizoandikwa RMS, achana na zile kubwa za kwenye boksi. Fyuzi ikiungua mara mbili, zima, tafuta kosa, na usiweke waya kamwe. Petroli ikae mbali. Na anayejua akikueleza, nyamaza usikilize, hata kama anauza vyungu.

Mungu akujalie masikio mepesi, na safarini akuketishe karibu na mtu kama yule mama. Mimi namshukuru kwamba sikulipa kwa roho ya mtu. Nililipa fedha tu, za amplifaya, betri, nyaya, na vyungu ambavyo nilimsihi sana ndipo akakubali nimlipe: shilingi laki tano na elfu sabini na tatu.