Bawabu wa Nyumba ya Darajani

Sista Bawabu alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa yaliyochukua daraja la mpakani, akiwa kifungua mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji. Mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume, akimbeba mgongoni huku akipiga soga na kila mpita njia, maana tangu utotoni mdomo wake haukujua likizo. Alipoingia utawani walimpeleka jikoni, akaunguza maharage kwa maongezi. Mwishowe mama mkuu akamkabidhi funguo za mlango mkubwa, akisema huko angalau atapata wa kumsikiliza. Ndivyo alivyoupata wito wake, nasi tunamshukuru Mungu kwa yale maharage.

Nyumba ile, iliyo karibu na daraja, ilikuwa na desturi yake. Mgeni hakufunguliwa atoke mpaka bawabu amuulize, "Unaondoka kwa amani?" naye ajibu kwa kweli. Aliyesitasita, Sista Bawabu alimvutia kiti. Wanandoa wengi walipatana kwenye kiti hicho.

Nywele zake zilikuwa zimeshaota mvi jaribu lake kuu lilipomfika. Asubuhi moja ya ukungu, askari wa nchi jirani walilifyatulia risasi gari la doria la nchi yake lililokuwa darajani, wakaua wote waliokuwamo. Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa pekee wa mdogo wake Sista. Mabalozi walifukuzwa, vifaru vikasogezwa pande zote mbili. Nchi yake ilidai jirani akiri kosa. Jirani akashikilia kwamba gari lile ndilo lililoanza kupiga. Wajumbe wakakubali kukutana katika chumba cha kulia cha masista, kwa kuwa waliaminiwa na wote. Sista alimzika mtoto wao, kisha akarudi mlangoni kuwapokea waliomuua. Alilia waziwazi, hakujificha.

Mazungumzo yalivunjika. Jenerali wa nchi jirani alifunga mkoba wake akaja mlangoni, na kila mtu alijua kwamba akivuka daraja, vita haviepukiki.

"Nifungulie, Sista."

"Nakufungulia, baba. Unaondoka kwa amani?"

Jenerali akakaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa. "Hapana," akasema. "Wale wa doria hawakupiga hata risasi moja. Ukungu ulikuwa mzito, nikaingiwa na hofu, nikatoa amri."

Funguo zilimtetemeka Sista mkononi. Alitamani kumpiga nazo usoni. Mwenyewe aliungama hivyo baadaye. "Mmoja wao ni mtoto wa mdogo wangu," alisema hatimaye. "Maneno hayo usiyaache hapa kwangu. Twende ukawaambie." Akamshika mkono, akamrudisha ndani.

Jenerali alikiri mbele ya wajumbe wote. Nchi yake iliomba radhi hadharani, yeye akahukumiwa kifungo kwao, vifaru vikaondoka, mabalozi wakarejea. Lakini mdogo wake Sista alimjia juu.

"Dada, nani alikutuma umsamehe kwa damu ya mwanangu?"

"Sijamsamehe kwa niaba yako, ndugu yangu. Sina uwezo huo. Nilimsaidia kusema kweli, basi."

Mdogo wake hakukanyaga tena pale. Vita vilikwisha kabla ya kuanza, ila nyumbani kwao kimya kilidumu, na huo ndio msalaba alioubeba mpaka kufa kwake.

Siku ya maziko mdogo wake alikuja, akaomba amshikie dada yake funguo mpaka ibada iishe. Waombolezaji walipokwisha kuketi, mlango ukabishwa. Nje alisimama yule aliyekuwa jenerali, ametoka kifungoni, amezeeka. Baba wa yule askari aliyeuawa alisogelea kidirisha cha mlango, funguo mkononi.

"Umekuja kwa amani?"

"Nimekuja kukuomba wewe radhi."

Akamfungulia mlango, akampisha apite, kisha akaketi karibu naye. Waumini wa pande zote mbili za daraja huuhesabu huo kuwa muujiza wa kwanza wa Sista Bawabu. Nasi tumuige hivi: tujiulize ni nani tuliyemfungia nje, tukamfungulie, hata kama mkono unatetemeka.