Mate ya Mama Wairimu

Nilipokuwa mtoto kule Mweiga, hakuna mtu aliyeruhusiwa kusifu viazi vyetu bila kutema mate. Si kutema kwa dharau, la. Ni yale mate madogo, tfu, ya kuonyesha kwamba huna kijicho. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Shosho, aliamini kwamba sifa kavu huua. Ng'ombe akisifiwa hivihivi, maziwa hukauka. Mtoto akisifiwa, homa. Mimi nilitemewa mate mengi sana utotoni, na bado nilibaki mwembamba vilevile.

Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu, Mama Wairimu. Mashamba yao yalipakana, wakaazimana jembe, chumvi na kiondo, kile kikapu cha kusuka, na kila asubuhi walibeba maziwa pamoja hadi barabarani, wakiteta watu njia nzima. Msimu mmoja Mama Wairimu aliishiwa na mbegu. Shosho akamgawia viazi vidogo, vile tulivyobakiza kila mara baada ya kuuza vikubwa, na wakapanda wiki moja.

Viazi vyetu, au waru kama tunavyoviita, vilipotoa maua, Mama Wairimu alisimama kwenye ua wa mpakani akamwambia Shosho, "Ai, Mama Njoroge! Waru zako zimenona ati!" Kisha akashikwa na kikohozi, akaenda zake. Hakutema mate.

Wiki haikuisha. Mche mmoja ukanywea saa sita mchana, majani yakiwa bado ya kijani kabisa. Jioni ukainuka kidogo, kesho yake ukalala moja kwa moja. Halafu ukafuata wa chini yake, na wa chini zaidi, kule maji ya mvua yalikoteremkia. Shosho alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni.

"Ni yeye," akasema. "Hiyo macho yake naijua tangu tukiwa wasichana."

Nililia. Viazi vile ndivyo vilikuwa mukimo wetu, chakula chetu cha kupondwa, wa miezi yote iliyobaki ya mwaka. Lakini nadhani nililia zaidi kwa sababu Mama Wairimu nilimpenda sana. Shosho hakumngoja tena asubuhi. Alibeba maziwa peke yake na kurudi amenuna.

Kisha akanituma nikarudishe kiondo cha Mama Wairimu kilichokuwa kwetu. Kitupu! Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukikosa kila kitu, utatia majani mawili ya sukuma wiki. Kukirudisha hivyo ni kusema urafiki umekwisha, na hilo hata mimi nililijua. Nilitembea polepole kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Sikumkuta jikoni, nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa shambani, aking'oa mashina yaliyokauka. Viazi vyake vyote vilikuwa vimelala chini, vibaya kuliko vyetu. Akachukua kiondo, akachungulia ndani.

"Hata zako zimekufa?" nikauliza.

"Zilianza kabla ya zenu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mbegu ni ya nyanya yako. Angefikiri nasema ameniletea ugonjwa."

Akaingia ndani, akatoka na maharagwe, akayatia kwenye kiondo kilekile. "Mpelekee. Mwambie kiondo yangu haijui kutembea tupu."

Nilikimbia hadi nyumbani na kumweleza Shosho yote. Akaketi juu ya mtungi wa maziwa, jambo alilotukataza sote. Hakuna mtu anayejiroga mwenyewe. Hilo aliweza kuliona. Akafunga kitambaa kichwani, akachukua kiondo na maharagwe yake, akaenda. Walipatana wakilia, nasi tukala kabichi hadi mvua nyingine.

Siku hizi nafanya kazi kwenye maabara ndogo Nyeri mjini, tunakokuza miche ya viazi ndani ya chupa ili ianze maisha bila ugonjwa. Kilichoua viazi vyetu nakijua kwa jina: mnyauko wa bakteria. Ulijificha ndani ya viazi vidogo vya Shosho, ukatembea na maji na jembe la kuazimana. Nilipomwonyesha shina lililokatwa likitoa uzi mweupe wa bakteria ndani ya glasi ya maji, aliinama akautazama.

"Kumbe ni mimi nilimpelekea," akasema. Aki ya Mungu, nilitamani nisingemwonyesha.

Juzi niliwapelekea miche safi wote wawili. Ya Shosho tulipanga kuipanda palipokuwa malisho, maana ugonjwa huu hukaa ardhini na udongo wa zamani bado siuamini. Lakini kabla sijashika jembe akanizuia.

"Ngoja. Kwanza ita Mama Wairimu."

"Shosho, hii imepimwa. Haina kitu."

"Umepima waru. Sisi umetupima?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Kazi yangu naiamini, lakini kile kilichokaribia kuwatenganisha wazee hawa hakingeonekana kwenye glasi yangu.

Mama Wairimu akaja na fimbo yake, akainama juu ya miche. Tfu. Tfu. Wakacheka hadi wakashikana mikono wasianguke. Kisha akamvuta Shosho. "Sasa twende kwangu. Ni zamu yako kutema."

Nikabeba trei ya miche iliyobaki nikawafuata, na tulipofika, mimi pia nikatema.